Baada ya upasuaji, mgonjwa anahitaji zaidi ya dawa

Shangazi yetu alifanyiwa upasuaji siku ya Jumatatu. Aliondolewa kizazi kwa sababu ya uvimbe uliomsumbua kwa muda wa miaka minne, ukimvujisha damu nyingi kila mwezi hadi akawa hawezi kupanda ngazi za ghorofa moja bila kusimama njiani. Upasuaji ulikwenda salama. Daktari alisema hivyo, na kidonda chenyewe, kila kilipofunguliwa ili kisafishwe, kilikutwa kikavu. Hata hivyo, ilipofika Alhamisi alikuwa bado hajakanyaga sakafu. Alilala uso ameuelekeza ukutani, bakuli la uji limepoa pembeni. Alipotakiwa akohoe, hakukohoa. Alipotakiwa ainuke atembee hatua chache hadi mlangoni, alisema kesho. Alipoulizwa iwapo ana maumivu alijibu kwamba hana, kisha machozi yakamtiririka.

Ametupa idhini ya kuyaandika haya kwa sharti kwamba jina lake na la hospitali yasitajwe. Tunayaandika kwa kuwa tunaamini kisa hiki si chake peke yake. Katika familia nyingi, mgonjwa akishatoka chumba cha upasuaji akiwa hai, watu husema alhamdulillah na kuhesabu kuwa kazi imekwisha. Yaliyobaki ni dawa, nyuzi na tarehe ya kurudi kliniki. Kumbe kwa mgonjwa mwenyewe ndipo kazi inapoanza, na sehemu kubwa ya kazi hiyo haifanywi na kisu wala sindano.

Yaliyomgeuza uso ukutani tuliyajua baadaye. Usiku wa kuamkia upasuaji, mwanamke wa kitanda cha jirani alimwambia kwamba mwanamke akitolewa kizazi mume humchoka, na kwamba yeye mwenyewe anamjua aliyeachwa kabla kidonda hakijafunga. Hakutokea mtu mwingine wa kumwambia lolote tofauti. Karatasi ya ridhaa aliitia saini baada ya kusomewa kwa haraka. Aliamini kwamba akikohoa nyuzi zitakatika na matumbo yatatoka nje. Aliamini kwamba maadamu amewekewa mpira wa mkojo hawezi kusali, hivyo kila adhana iliyomfikia kutoka msikiti wa karibu ilimwongezea uzito kifuani. Na mumewe, ambaye ni mtu mwema asiye na maneno mengi, alikuwa akija kila jioni, akisimama miguuni pa kitanda, mikono nyuma, akiuliza, "Umekula?" kisha akiondoka. Yeye aliona haya kukaa katika wodi ya wanawake. Shangazi aliona mtu anayejizoeza kuondoka.

Nasi tuna letu la kukiri. Siku ya Jumanne tulikizunguka kitanda chake watu saba, na mmoja wetu akasimulia kwa urefu habari za jirani aliyekwenda kupasuliwa ngiri tu, jambo dogo, naye asirudi. Tuliyasema hayo juu ya kichwa cha mgonjwa aliyefumba macho, tukidhani amelala.

Kwamba hofu huchelewesha nafuu si habari mpya kwa wataalamu. Mwaka 1958 mwanasaikolojia wa Marekani, Irving Janis, alichapisha kitabu kilichotokana kwa sehemu kubwa na mazungumzo yake na wagonjwa wa upasuaji. Aliona kwamba waliojaa hofu kupita kiasi walihangaika sana baadaye. Aliona pia jambo ambalo wengi hawakulitarajia: wale walioingia wakitabasamu kana kwamba hakuna lolote nao walitaabika, wakakasirika na kuwalaumu wauguzi, kwa kuwa maumivu yaliwakuta hawajajiandaa. Watafiti waliomfuata hawakukubaliana naye katika kila jambo. Wengi walikuta tu kwamba kadiri hofu inavyozidi ndivyo nafuu inavyochelewa. Lakini swali lake la msingi lilibaki: je, mgonjwa ameandaliwa?

Jibu lililo wazi zaidi lilitoka Boston mwaka 1964. Lawrence Egbert, daktari wa dawa ya usingizi katika hospitali ya Massachusetts General, pamoja na wenzake, waliwafuatilia wagonjwa 97 wa upasuaji wa tumbo. Wote walitembelewa na daktari wa usingizi usiku wa kuamkia siku yao, kama ilivyo desturi. Ila 46 kati yao waliongezewa mazungumzo. Walielezwa wataumia wapi na kwa muda gani, kwamba maumivu hayo hutokana na misuli inayojikaza karibu na mahali palipokatwa, namna ya kuilegeza, namna ya kujigeuza kitandani kwa nguvu za mikono bila kulikaza tumbo, na kwamba wakizidiwa waombe dawa bila kusita. Baada ya upasuaji waliendelea kukumbushwa. Wagonjwa hao walitumia takriban nusu tu ya dawa kali za maumivu zilizotumiwa na wenzao. Nao madaktari wapasuaji, ambao hawakuwa wakijua nani yumo katika kundi lipi, waliwaruhusu kurudi nyumbani siku 2.7 mapema kwa wastani. Tofauti ya makundi hayo mawili haikuwa mashine wala dawa mpya. Ilikuwa maneno.

Mtu anaweza kuuliza, maneno huingiaje katika kidonda? Njia ziko mbili, na ya kwanza ni nyepesi kuielewa. Anayeogopa hupumua juu juu na hakohoi. Makohozi hutuama mapafuni na nimonia hupata makazi. Anayeogopa hatembei, damu hulala katika mishipa ya miguu, ikaganda, na bonge hilo likipanda hadi mapafuni laweza kuua ghafla. "Kesho" ya shangazi yetu haikuwa neno dogo hata kidogo.

Njia ya pili imo ndani ya kinga ya mwili. Mtu akiishi katika hofu au dhiki, mwili humwaga adrenalini na homoni iitwayo kotisoli. Kotisoli ikizidi, hupunguza zile ishara za kikemikali zinazoziita chembe za kinga kwenye jeraha ili zisafishe uchafu na kuanza ujenzi. Mafundi huchelewa kufika, ukuta nao huchelewa kusimama. Mwaka 1995 Janice Kiecolt-Glaser na wenzake wa Chuo Kikuu cha Ohio State waliwaomba wanawake 13 waliokuwa wakiwauguza jamaa waliopoteza kumbukumbu wakubali kutolewa kipande kidogo cha ngozi mkononi, chenye upana wa milimita 3.5. Waliwalinganisha na wanawake 13 wengine wa umri na hali inayofanana wasiokuwa na mzigo huo. Vijeraha vya wauguzaji vilichukua siku tisa zaidi kupona. Miaka mitatu baadaye watafiti wa chuo hicho hicho waliwapima wanafunzi 11 wa udaktari wa meno, kila mmoja mara mbili: likizoni na siku tatu kabla ya mtihani. Kijeraha cha wakati wa mtihani kilichelewa kwa asilimia 40. Makundi haya ni madogo, na hatutaki msomaji ayabebeshe zaidi ya uwezo wake. Lakini tafiti nyingine nyingi za baadaye zimeelekea upande huo huo.

Turudi wodini. Usiku wa Alhamisi aliingia zamu muuguzi wa makamo ambaye hakutaka kuambiwa kesho. Alivuta kigoda, akaketi, akamuuliza shangazi swali ambalo hakuna aliyekuwa amemuuliza tangu alipolazwa: "Mama, unaogopa nini?" Ikachukua muda. Kisha yote yakatoka.

Muuguzi alichukua boksi tupu la dawa, akalipasua, akachora nyuma yake. Akaonyesha kwamba kizazi ni mfuko wa kumbebea mtoto, na kwamba matamanio ya mwanamke hayakai humo. Kwa shangazi, vifuko vya mayai viliachwa mahali pake, hivyo homoni zake zitaendelea kufanya kazi. Damu ya kila mwezi itakoma na hatashika mimba tena, basi. Baada ya wiki sita hivi daktari atamkagua, na akiridhika, maisha ya mume na mke yatarejea. (Yule ambaye vifuko hivyo pia vimeondolewa kabla ya wakati, hali yake ni nyingine: hedhi hukoma ghafla, joto humpanda, usingizi humkatika, na huyo anastahili kuelezwa mapema na kupewa matibabu.) Akamwambia kwamba tumbo limeshonwa tabaka juu ya tabaka, na kikohozi hakiwezi kulifungua kirahisi; kisha akampa mto, akamfundisha kuukumbatia juu ya kidonda, kuvuta pumzi ndefu na kukohoa. Shangazi akakohoa. Hakuna kilichotoka ila makohozi.

Alimwambia jambo jingine ambalo twapenda kulisisitiza: kusema "siumwi" si subira. Katika malezi yetu mwanamke husifiwa kwa kunyamaza na maumivu, na sifa hiyo ina mahali pake. Wodini, maumivu yasiyosemwa humzuia mgonjwa kupumua na kutembea. Dawa ya maumivu hutolewa ili aweze kuinuka, si kwa kumdekeza.

Kuhusu sala, muuguzi huyo si Mwislamu, na hakujitia ujuzi asiokuwa nao. Alitwambia tu, "Mtafuteni anayejua aje azungumze naye." Asubuhi ya Ijumaa alikuja ustadhati wa mtaani kwetu. Hakukaa hata robo saa. Alimkumbusha kwamba asiyeweza kusimama husali ameketi, asiyeweza kuketi husali amelala kwa ishara, asiyeweza kutumia maji hutayamamu, na kwamba aliyewekewa mpira ana udhuru wake na sala yake. Shangazi alisali Dhuhuri akiwa ameegemea mito miwili. Jioni ile ile alitembea hadi dirishani. Hatudai kwamba jambo moja lilisababisha jingine, tunasimulia tuliyoyaona. Lakini siku nne zilikuwa zimepita, na kati yetu sote tulioswali tukaja kumzuru, hakuna aliyefikiri kumuuliza.

Liko pia suala la stara. Wanawake kadhaa tuliozungumza nao walisema kilichowatisha zaidi ni wazo la kulala bila fahamu mbele ya wanaume wasiowajua. Wapo walioahirisha upasuaji kwa ajili hiyo, uvimbe ukiendelea kukua. Jambo hili huzungumzika. Mgonjwa aweza kuomba kabla ya siku yake awepo muuguzi wa kike, afunikwe kila sehemu isiyohusika, na abaki na kifuniko cha kichwa kinachokubalika katika chumba cha upasuaji. Si kila hospitali itaweza yote, lakini ombi lililotolewa mapema ni tofauti na kilio cha mlangoni.

Sasa mume. Watafiti wale wale wa Ohio walichapisha mwaka 2005 uchunguzi wa jozi 42 za wanandoa. Kila mmoja aliwekewa vijeraha vidogo vya malengelenge mkononi, mara mbili. Siku moja wanandoa walizungumza kwa kupeana moyo. Siku nyingine walitakiwa wajadili jambo wanalogombania. Vijeraha vilipona polepole zaidi baada ya ugomvi. Na wale ambao mazungumzo yao yalijaa uhasama kila mara walipona kwa kasi ya asilimia 60 tu ya kasi ya wenzao waliotulia. Huko California nako James Kulik na Heike Mahler waliwafuatilia wanaume waliofanyiwa upasuaji wa mishipa ya moyo, wakaripoti mwaka 1989 kwamba waliotembelewa zaidi na wake zao walitumia dawa chache za maumivu na kutoka hospitalini mapema.

Mume wa shangazi hakuwa na uhasama wowote. Alikuwa na ukimya, na ukimya katika saa kama ile husomwa vibaya. Naye hakuwa ameelezwa kitu. Alikuwa amelipa, amechangisha, ameuza mbuzi wawili na kukopa kwa shemeji yake, na alichokuwa akikitafakari pale miguuni pa kitanda ni deni. Shangazi alipoulizia bili alijibiwa, "Hayo si yako," jibu la upole ambalo yeye alilisikia kama mlango unaofungwa. Tunashauri waume, na wana, na kaka: mwambieni mgonjwa ukweli wa fedha kwa kiasi anachoweza kukibeba. Akiachwa gizani atajihesabia mwenyewe, na hesabu za usiku wodini daima huzidi za kweli.

Na wageni je? Kumzuru mgonjwa ni katika mambo mema tunayojivunia, na tafiti hizo zinaonyesha kwamba kuwa na watu ni sehemu ya tiba. Lakini saba kwa wakati mmoja, sauti juu, visa vya waliokufa, sahani ya pilau kwa mtu ambaye tumbo lake halijaanza kufanya kazi, hapo mgonjwa huugua mara ya pili. Ndugu mmoja aliyekuja Jumamosi alikaa dakika kumi, akamnawisha uso, akamchana nywele, akamweleza kwamba watoto wameshakula na mdogo amemaliza kazi za shule, akaondoka. Shangazi bado humkumbuka kwa hilo.

Kulik na Mahler waligundua na jambo jingine ambalo lingemsaidia shangazi kama lingejulikana pale. Mwaka 1987 waliripoti kwamba mgonjwa anayesubiri upasuaji, akilazwa chumba kimoja na aliyekwisha kufanyiwa, huingia na wasiwasi mdogo, hutembea zaidi baadaye na hutoka mapema kuliko anayelazwa na mwenzake anayesubiri vilevile. Maana anamwona mtu aliyevuka. Wawili wanaosubiri pamoja huazimana hofu. Na huyo aliyemtisha shangazi usiku ule, kwa taarifa tulizopata, naye alikuwa akisubiri.

Hata dirisha lina neno. Roger Ulrich alichapisha mwaka 1984 uchunguzi wa kumbukumbu za hospitali moja ya Pennsylvania: wagonjwa 46 walioondolewa kifuko cha nyongo kati ya 1972 na 1981, nusu yao vitanda vyao vikitazama miti, nusu vikitazama ukuta wa matofali. Waliotazama miti walihitaji dawa kali chache kuliko wenzao na walitoka karibu siku moja mapema. Si kila familia yaweza kuchagua kitanda. Kumgeuza mgonjwa atazame mlango badala ya ukuta hakuhitaji kibali.

Tuongeze neno kuhusu wazee, kwa sababu hapa makosa ni makubwa. Mzee aliyepasuliwa, hasa baada ya kuvunjika nyonga, aweza kuanza kuweweseka usiku wa pili au wa tatu: anaita waliokufa, anang'oa dripu, hawatambui wanawe. Nyumbani haraka husemwa amepandwa na jini. Hali hii inajulikana sana hospitalini. Huweza kuletwa na upungufu wa maji, maambukizi, dawa, maumivu, kukosa usingizi au ugeni wa mahali, na daktari aitwe mara moja atafute chanzo. Familia ina kazi yake: mtu anayemfahamu akae naye, arudishiwe miwani yake, aambiwe ni saa ngapi na yuko wapi, mapazia yafunguliwe mchana na usiku paachwe pawe usiku.

Huzuni ya siku chache baada ya upasuaji ni ya kawaida. Ikipita wiki mbili, mgonjwa halali, hali, halii tena bali amekuwa kama hayupo, au akianza kutamani kifo, hilo ni ugonjwa kama mwingine, nalo lipelekwe kliniki pamoja na kidonda.

Shangazi alitoka siku ya nane. Wiki ya sita mumewe alikwenda naye kwa daktari, akaingia ndani, na baada ya kukohoa mara mbili akauliza mwenyewe swali lililokuwa likimsumbua kuhusu mkewe. Alitoka, anasema shangazi, akiwa mwepesi kama kijana. Deni bado wanalilipa.

Mwezi uliopita mke wa jirani alilazwa kwa upasuaji kama ule. Jioni ya kuamkia siku yake shangazi alivaa baibui, akapanda daladala mbili, akamkuta amejikunja kitandani. Alikuwa amebeba mto mdogo ndani ya mfuko wa kaniki. Akaketi, akaufungua mfuko, akasema, "Njoo nikufundishe kukohoa."